Kamba Ikiganda: Kuchagua Vifaa vya Kupandia Mti kwa Mwindaji wa Tandiko Wakati wa Baridi

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Desemba, katikati ya Minnesota. Kipimajoto cha gari kinasema nyuzi 14 chini ya sifuri. Nimesimama chini ya mwaloni, taa nyekundu kichwani, na kamba niliyoinunua kwa bei ya mbuzi haikunjiki. Nikiishika katikati, ncha zote mbili zinabaki zimenyooka kama ufito wa kujengea. Kifaa cha kupandia kikipita juu yake kinalia krrr, krrr, kama msumeno kwenye bati. Kulungu yeyote wa maeneo yale alikwisha kupata habari zangu kabla sijanyanyua mguu.

Kamba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: vifaa vyote nilivichagua mwezi wa Agosti, dukani, kamba kavu, vidole vina joto, jasho linanitoka. Dukani kila kitu hufanya kazi.

Haya niandikayo ni kwa wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku kaskazini mwa Marekani na Kanada, ambao tayari wanawinda na wafanyakazi wenzao na sasa wanataka kupanda mti kwa kamba badala ya kubeba ngazi. Hayatoshi kukufundisha kupanda. Hilo utafundishwa na mtu aliyesimama kando yako. Hapa nazungumzia kuchagua tu, na kuchagua kwa ajili ya miezi ya Novemba na Desemba.

Kwa asiyejua, tandiko ni mkanda mpana wa kitambaa unaokaa makalioni kama bembea. Mbele yake kuna daraja, yaani kipande cha kamba kinachotoka nyonga hadi nyonga. Daraja hilo linaungwa na kamba nyingine iliyozungushwa kwenye shina juu ya kichwa chako. Unakaa au unaegemea nyuma huku miguu imekanyaga kijukwaa kidogo, uso ukiwa umeelekea mti. Huko Michigan mwindaji wa upinde John Eberhart amekuwa akiwinda hivyo tangu miaka ya 1980, wakati wengi walikuwa bado wanapigilia mbao kwenye matawi. Mnyama mwenyewe ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini. Sisi tunamwita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa. Jina tumemwazima tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkwezi wa minazi Pangani. Kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, basi. Lakini mnazi ukilowa hakupanda, hata mwenye shamba aje na maneno gani. Huku mti huwa umelowa na kisha umeganda, na bado tunapanda. Kwa hiyo vifaa vinabidi viwe vya akili zaidi.

Hatua ya 1: Vaa glavu kwanza, ndipo uchague

Watu huanza na kamba, au na bei. Anza na mikono yako. Chukua glavu zile zile utakazovaa porini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, si zile nyembamba za kuendeshea gari. Panga vifaa mezani, zima taa ya sebuleni, kisha fanya kila kitu kwa kupapasa: fungua karabina (ile pete ya chuma yenye mlango), ipachike, ifunge, ingiza kamba kwenye kifaa cha kupandia, itoe, sukuma fundo juu, lishushe. Kwanza kwa mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Mimi hutaka mara 10 mfululizo bila kudondosha kitu. Kifaa kinachoshindwa jaribio hili sebuleni, mtini kitashindwa mapema zaidi, kwa sababu baada ya saa mbili za kukaa kimya vidole havina habari tena na mwenyewe.

Kudondosha kitu ukiwa mita 6 juu si jambo la kucheka. Ukidondosha simu, utaiokota baadaye. Ukidondosha kifaa cha kushukia, wewe ndiye utakayekuwa tunda la mti huo mpaka mtu aje. Kwa hiyo angalia jinsi kifaa kinavyopokea kamba. Grigri ya kawaida, kwa mfano, kifaa cha kushukia kinachobana kamba chenyewe, haifunguki ikiwa bado imo kwenye karabina: lazima uitoe, uiweke kamba, kisha uirudishe. Kwa sekunde chache imo mkononi tu, na hapo ndipo inapoponyoka. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza, ingiza kamba ukiwa chini na usiitoe mpaka urudi chini. Ya pili, ifunge kwa kamba nyembamba kwenye tandiko. Kuna vifaa vya aina nyingine vyenye mlango wa pembeni, hupokea kamba bila kuondoka kwenye karabina. Ni vizito zaidi na ni ghali, lakini mwenye mikono inayopata ganzi haraka afikirie kulipa.

Vifaa vidogo vya kubana kamba, vile vinavyofunguliwa kwa kuvuta kitundu kidogo, ni adui wa glavu. Usivitupe. Funga kitanzi cha uzi mnene chenye upana wa vidole viwili kwenye kile kitundu, utavuta kwa kiganja kizima.

Hatua ya 2: Kamba, na adui wake wa kweli

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa.

Baridi kavu haiidhuru kamba. Kamba kavu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hukakamaa kidogo, lakini inapanda na kushuka vizuri tu. Adui ni maji yaliyoingia ndani kisha yakaganda. Siku mbaya kwa kamba, kwa hiyo, si ile ambayo pua inakuuma ukivuta pumzi. Ni siku ya sifuri au nyuzi mbili chini yake, theluji inapoyeyuka kwenye nguo na kwenye magome, halafu usiku joto linashuka. Na kuna mtego mwingine uliomnasa mwandishi huyu: jioni niliitia kamba yenye chembe za theluji kwenye begi, nikaiweka kiti cha nyuma, hita ya gari ikiunguruma. Theluji ikayeyuka, ikanywewa na kamba. Alfajiri nikatembea nayo nusu saa msituni. Nilipoitoa, ndiyo ile niliyowaambia.

Sasa aina zake. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake na kurefuka zaidi. Poliesta hunywa kidogo sana. Kwa kupandia mti kipindi cha theluji, ukiweza, chukua kamba ambayo ganda lake la nje ni poliesta, au yote kwa jumla. Ukipenda nailoni kwa ulaini wake, tafuta iliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Usidanganyike na neno "kavu" kwenye lebo: kampuni nyingine hutia dawa ganda la nje pekee. Kipimo cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kinataka kamba isinywe maji zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake. Alama hiyo ikiwepo, unajua unacholipia. Dawa huchakaa, lakini kwa misimu michache inasaidia.

Iwe kamba tuli, yaani isiyonyumbuka sana. Kamba za wapanda miamba zinazonyumbuka kama mpira zitakufanya ucheze juu-chini kama ndoo ya kisima, na kila hatua unayopanda unarudi nusu. Kipimo cha Ulaya kwa kamba tuli ni EN 1891, na aina ya A inatakiwa kuhimili kilonyutoni 22 bila fundo na 15 zikiwa na mafundo. Kilonyutoni moja ni uzito wa takribani kilo 102, fanya hesabu mwenyewe. Nguvu ipo ya kutosha. Ugomvi ni unene.

Wawindaji wa tandiko hupenda kamba nyembamba za milimita 8 au 9 kwa sababu ni nyepesi begini. Sitawabeza, wanatembea mbali. Lakini barafu huifanya kamba iteleze, na kamba nyembamba tayari inateleza kwenye kifaa cha kushukia. Mchanganyiko huo siupendi. Grigri inapokea kamba za milimita 8.5 hadi 11. Mimi sikai kwenye mpaka wowote wa hapo. Ukiwa chini kabisa ya kiwango, utashuka kwa kasi usiyoiomba. Ukiwa juu kabisa, kamba ikivimba kwa maji na kukakamaa haitapita, na utaivuta kwa hasira mpaka utoke jasho. Milimita 10 au 10.5 ndiyo nafasi yangu. Inaongeza uzito, ndiyo, na inakaa vizuri kwenye glavu.

Urefu unategemea unavyoifunga juu. Tuseme unataka kuwinda ukiwa mita 6, na tawi la kubebea liko mita 8. Ukiifunga kamba chini ya shina, ikapanda juu ya tawi na kurudi kwako, unahitaji 8 kwenda, 8 kurudi, na mita kama 2 za kufungia na kubakiza mkia: 18, nunua 20. Ukiivuta kitanzi mpaka kibane juu kwenye tawi, mita 10 zinatosha, pamoja na uzi mwembamba wa kuvutia kitanzi hicho ushukapo. Tofauti si ya urefu peke yake. Kamba ikifungwa chini ya shina, tawi hubeba karibu mara mbili ya uzito wako, maana upande mmoja unavutwa na wewe na mwingine na mti. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye miti.

Halafu ipeleke kamba kwenye friza. Sitanii. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja kunitembelea akanikuta natoa mfuko kwenye friza, akadhani ni samaki.

"Mjomba, hii kamba au muhogo?"

"Shika, uikunje."

Akaikunja kwa magoti. "Na unataka ikubebe wewe, hii?"

Ndiyo swali lenyewe. Kata kipande cha mita 2 (maduka mengi yanauza kwa mita, nunua kipande kabla ya kununua kamba nzima), kiloweke dakika 10, kikung'ute, kilaze kwenye friza usiku kucha. Asubuhi kitoe, kifunge kwenye kitu imara kama boriti ya karakana, kisha ujaribu vifaa vyako vyote juu yake ukiwa karibu na sakafu, miguu ikigusa chini. Utaona vitu ambavyo hakuna muuzaji atakayekueleza: fundo lililobana vizuri jana linateleza kama sabuni, meno ya kifaa yamejaa barafu, kifaa cha kushukia kinasukuma ganda la kamba kama soksi. Kwa dola chache umejua ukweli wa kamba yako.

Hatua ya 3: Kupanda na kushuka

Mfumo wa kawaida ni wa simama-kaa. Kifaa cha mkononi chenye meno kiko juu kwenye kamba, kina kitanzi cha mguu. Kifaa cha kushukia kiko kiunoni, kimeungwa na daraja la tandiko. Unasimama kwenye kitanzi, unavuta kamba iliyolegea kupitia kifaa cha kiunoni, unakaa, unasukuma kile cha juu, unasimama tena. Kila mzunguko unakupa sentimita 30 au 40, kwa hiyo mita 6 ni mizunguko 15 hadi 20. Ni kazi ya taratibu, na utaratibu ndio tunaoutaka, kwa sababu jasho la saa kumi na moja na nusu ndilo litakalokutetemesha saa mbili.

Kifaa chenye meno kina sifa na aibu yake. Meno hutafuna barafu ya juu juu na kushika pale fundo linapoteleza. Ndiyo maana wakati wa baridi nakipendelea kuliko mafundo. Lakini yakijaa barafu au theluji iliyoshindiliwa hayafiki kwenye kamba. Beba mswaki wa zamani, ufunge kwa uzi, usugue meno kila unaposikia mtelezo. La pili ni zito zaidi: kipimo chake, EN 567, kinataka kihimili kilonyutoni 4. Kamba ina 22, kifaa kinapimwa kwa 4. Kiko pale kwa ajili ya kubeba uzito wako uliotulia. Kukudaka ukianguka si kazi yake. Ukiacha kamba imelegea mita moja kisha ukateleza, meno yanaweza kulichana ganda la kamba. Usiruhusu ulegevu, na kifaa hicho cha juu kiunganishwe na tandiko pia, kisishike mguu tu.

Mafundo ya kubana, kama lile la Prusik linalobeba jina la Mwaustria Karl Prusik, hayajapitwa na wakati. Nabeba vitanzi viwili daima, kama akiba. Ila chagua kitanzi chembamba kuliko kamba kwa milimita 2 au 3, na kiwe cha nyuzi zinazohimili joto la msuguano. Dyneema, ile kamba nyeupe inayosifiwa kwa nguvu, inateleza kwa asili yake na huyeyuka kwenye nyuzi 150 hivi. Kwa daraja la tandiko inafaa, kwa fundo la kubana hapana. Kwa kamba iliyoganda ongeza mzunguko mmoja wa fundo, na ulijaribu kwa uzito wako kila mara kabla ya kuliamini.

Kwenye ile kamba inayozunguka shina juu ya kichwa, nimeacha fundo kabisa kwa miezi ya baridi. Msimu wangu wa kwanza niliwinda mpaka giza, nikataka kushuka, na fundo la kamba hiyo lilikuwa limelowa mchana na kuganda jioni likiwa limebeba uzito wangu. Halikusogea juu wala chini. Nilivua glavu, nikalifumbata kwa viganja, nikalipulizia pumzi (kosa jingine: pumzi ni maji). Robo saa nzima. Nilipolilegeza, vidole vilikuwa haviwezi tena kufungua karabina, nikabaki nimevitia makwapani kwa muda kabla ya kushuka. Sasa natumia kifaa kidogo cha kubana cha chuma mahali pale, chenye kitanzi cha uzi nilichokieleza, na Prusik imekaa mfukoni.

Ushukapo kwenye kamba yenye barafu, pitisha mkia wa kamba kwenye karabina ya pili iliyoko kiunoni kabla haujafika mkononi. Msuguano unaongezeka na unashuka kwa heshima. Vaa glavu za ngozi mkono wa kubania. Usiache kifaa cha kushukia bila mkono kwa sababu tu kimesimama. Ukitaka kuachia mikono, funga fundo chini yake. Na mwisho wa kamba uwe na fundo kubwa la kuzuia, hata kama unaona inagusa ardhi. Gizani, kwenye mteremko, kuona na kugusa ni vitu viwili.

Hatua ya 4: Karabina

Zijifunge zenyewe na zihitaji miondoko miwili au mitatu kufunguka. Zile za kusokota parafujo kwa mkono huganda, na mtu mwenye baridi husahau kuzisokota. Umbo pana la peasi ni zuri kwa glavu. Nguvu iliyochorwa mgongoni isipungue kilonyutoni 20. Zinazofuata kipimo cha wakata miti wa Marekani huwa na 23 au zaidi.

Ndani ya mlango wa karabina kuna springi, na springi ikipata unyevu huganda ikiwa nusu wazi. Usitie mafuta: hushika uchafu, huwa mazito kwenye baridi, na kulungu ana pua. Tumia unga wa grafiti au mafuta makavu ya nta, kidogo, ukiwa nyumbani. Na usishike karabina kwa midomo huku mikono ikiwa na kazi. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri chuma hung'ang'ania ngozi yenye mate, na hutakuwa na mtu wa kumweleza.

Vyuma vikigongana kwenye hewa ya baridi iliyotulia, sauti husafiri. Zungushia utepe wa kitambaa, ule wa wachezaji wa magongo ya barafuni, sehemu zinazogusana. Usifunike mlango wala maandishi ya nguvu.

Hatua ya 5: Tandiko juu ya makoti

Jaribu tandiko ukiwa umevaa kila kitu cha Desemba, suruali ya nje pamoja na nguo mbili za ndani. Mikanda ya mapajani inayofika vizuri mwezi wa Septemba mara nyingi haifungiki Desemba. Angalia pia daraja: nguo nene husukuma daraja mbele na kulifupisha, kwa hiyo daraja la kurekebishika ni bora kuliko la urefu mmoja. Vifaa vingi vya uwindaji vinatajwa kubeba ratili 300, yaani kilo 136. Jipime kwenye mizani ukiwa na makoti, viatu, begi na upinde. Mimi niliongeza kilo 12 na sikuamini.

Panda ukiwa na nguo chache. Koti kubwa lifunge kwenye begi, ulivae juu baada ya kutulia na baada ya kuunganishwa na kamba ya shina. Lisipite juu ya daraja wala kufunika karabina.

Kukaa muda mrefu bila kusogea huku mikanda imebana mapaja huzuia damu, na baridi inaharakisha ganzi. Kama umeteleza na unaning'inia bila kijukwaa, hali hiyo ni ya hatari ndani ya dakika, si saa. Beba kitanzi cha ziada cha mguu mahali unapokifikia bila kugeuka, ili usimame juu yake. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri zake hulegea haraka kwenye baridi.

Hatua ya 6: Mti nao ni kifaa

Kamba ya dola 200 ikitundikwa kwenye tawi bovu ni kamba ya kuanguka nayo. Wakati wa majani kila mtu anatambua tawi lililokufa. Wakati wa baridi matawi yote ni uchi, na yaliyokufa yanafanana na yaliyo hai. Tafuta machipukizi kwenye ncha, tafuta gome lisilobanduka, na uchunguze kama kuna uyoga mgumu kwenye shina. Afadhali ufanye hivyo Septemba, uweke alama, Desemba urudi kwenye mti unaoujua.

Mti mmoja uuepuke kabisa: Fraxinus, ambao wenyeji huuita ash. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anayekula chini ya gome lake. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na St. Paul hapa Minnesota mwaka 2009, na tangu hapo amemaliza misitu mizima. Mti ulioshambuliwa hukauka na kuvunjika ghafla bila kutoa ishara. Utaujua kwa matawi yanayotoka mawili mawili yakitazamana, na kwa mabaka ya rangi hafifu pale kigogota alipobambua gome akitafuta funza. Ukiona mabaka hayo, pita mbali, hata kupumzikia chini yake usipumzikie.

Mwaloni hai, mnene, ndio rafiki. Tawi lisipungue unene wa sentimita 10, na kamba ikae karibu na shina. Ukiwa umefunga kamba chini, kumbuka ile mara mbili ya uzito wako: jaribu tawi kwa kuning'inia watu wawili kwa pamoja, miguu ikiwa juu ya ardhi kidogo. Kama uko peke yako na tawi linakutia shaka, funga kitanzi kibane juu ili libebe uzito mmoja. Kama shaka bado ipo, tumia ngazi za vipande siku hiyo. Nazo zina barafu yake, lakini zinategemea shina tu.

Kwenye ardhi nyingi za umma misumari na vibanio vya kutoboa mti haviruhusiwi, na sehemu nyingine zinataka uondoe kila kitu jioni. Hapo kamba inajilipia. Soma kijitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huo. Na vazi la rangi ya chungwa kali likitakiwa msimu wa bunduki, mara nyingi linatakiwa hata kwako wewe mwenye upinde uliye juu ya mti.

Hatua ya 7: Nunua kwa mpangilio huu

Pesa zikiwa chache, anza na tandiko na kamba ya shina, pamoja na mkanda wa kiuno kama wa mafundi wa nguzo za umeme. Hivyo ndivyo vinavyokuzuia usianguke. Pili, kamba ya kupandia na kifaa cha kushukia, vilivyochaguliwa pamoja, si kimoja leo kingine mwakani. Tatu, kifaa cha mkononi chenye meno. Kifaa cha kufunga mguuni kwenye kiatu kinaharakisha kupanda lakini kinaweza kungoja. Theluji hukijaa haraka kuliko vyote. Kamba na tandiko visiwe vya mtumba kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiapa. Karabina ya mtumba unaweza kuikagua kwa macho. Kamba huwezi kuona ndani yake.

Vyote vikishafika, wiki mbili za mwanzo panda mita moja tu kutoka ardhini, ukiwa na mtu. Kisha ufanye hivyo hivyo siku ya baridi, umevaa makoti yote, taa imezimwa. Upinde au bunduki isiyo na risasi ipandishwe kwa uzi baada yako, kamwe isiwe mgongoni. Kila utokapo, mwachie mtu nyumbani alama ya mti ulipo na saa utakayoshuka.

Jioni ukirudi, kung'uta kamba nje kabla ya kuingia kwenye gari, na begi likae buti ya nyuma mbali na hita. Nyumbani itundike chumba cha chini kisicho na jua wala moto, imelegezwa, si kwenye fundo la duara. Mimi huitundika kwenye baiskeli ya mke wangu. Amekwisha zoea, ila huniuliza kila mwaka baiskeli itapata nafasi yake lini, nami humjibu Januari.